Aliyejibu Bwana Alipolala

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Katika chumba cha juu cha uwanja wa ndege, nje kidogo ya Kolwezi, kulikuwa na meza mbili, redio moja, mikro moja ya kusemea na rejista yenye jalada jeusi. Kila neno lililopita redioni nililiandika humo: kwanza saa, kisha herufi ya anayesema, kisha maneno yenyewe. Sikuchukuliwa kwa ajili ya upesi wa mkono. Nilikuwa nimemaliza miaka sita ya shule ya misheni, mwandiko wangu ulikuwa safi, na Bwana aliyenichukua alisema mtu asiyesema sana hatamletea maneno.

Bwana huyo ndiye aliyekuwa mwongoza ndege. Alikuwa Mbelgiji mnene aliyevuta sigara tangu asubuhi. Kifaransa chake kilipitia puani, alimeza miisho ya maneno, na kila alipomaliza kusema alikohoa mara moja, kikohozi kifupi kikavu. Marubani walikijua kikohozi hicho. Walikingoja ndipo wajibu, maana kwao kilikuwa alama kwamba amemaliza.

Mtu wa tatu chumbani alikuwa mtu wa Kasai, wa rika la baba yangu mdogo. Nilimwita tata, yaani baba. Kazi yake ilikuwa betri, antena na jenereta, na kabla ya hapo alikuwa amechimba miaka saba katika shimo la mgodi la Musonoi. Alikuwa na mke, watoto wanne na wa tano tumboni, na nyumba ya kompani kule Kapata, vyumba viwili na jiko la nje. Nyumba ilikuwa ya kazi, si ya mtu. Anayefukuzwa alipewa siku tatu atoke na vitu vyake. Hilo tulilijua wote kama tunavyojua siku za juma.

Mikro ilikuwa ya Wazungu. Hakukuwa na karatasi ukutani iliyosema hivyo, wala haikuhitajika. Sisi tulisikiliza, tuliandika, tulipangusa vumbi, lakini kidole cha Mweusi hakikugusa kitufe chake.

Siku moja Bwana alipanda ngazi mapema kuliko kawaida, akamkuta tata ameketi kwenye kiti chake, akiwachekesha wafagiaji wawili. Mikro ilikuwa imezimwa. Tata alikuwa anasema kwa sauti ya Bwana: pua, maneno yaliyomezwa, na mwishoni kile kikohozi. Ningefumba macho ningeapa kwamba ni Bwana mwenyewe. Wafagiaji waliteremka ngazi kwa makalio. Mimi nilibaki nimeinamia rejista. Bwana alimpiga tata kofi moja, bila hasira, kama mtu anayefunga mlango. Kisha akaketi kwenye ukingo wa meza, akawasha sigara.

"Sema tena," alimwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi.

Tata alisema tena, mdomo ukitoka damu. Bwana alicheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli, na mimi, niseme wazi, nilicheka pia, kwa sababu Bwana alinitazama kuona kama nacheka.

Wiki iliyofuata mpango ulianza. Kila siku baada ya chakula Bwana alishuka kwenye stoo ya chini, akajilaza kwenye kitanda cha turubai na chupa zake za bia, na tata akakaa kwenye kiti. Masharti yalikuwa machache. Ajibu kwa sauti ya Bwana na kwa kikohozi cha Bwana. Nami niandike herufi ya Bwana mbele ya kila jibu.

"Siku wakijua," Bwana alisema, "weye unakwenda. Si mimi. Weye, na bibi yako, na batoto yako yote."

Jumapili moja alileta wageni waje waone mchezo. Mmoja wao alikuwa mkuu wa wafanyakazi Weusi, Mzungu mwembamba mwenye miwani, ambaye ndiye aliyeandika watu kazini na kuwafuta. Bwana aliketi mbele yao akachezesha midomo bila kutoa sauti, na tata, aliyewekwa nyuma ya mlango, akatoa sauti. Wageni walipiga mapaja. Yule wa miwani alitoa kitambaa akajifuta macho. Mke wa mgeni mmoja alimpa tata biskuti, akasubiri aile mbele yake.

Tata hakuichukia kazi yenyewe. Aliipenda, na aliijua kuliko mwenye kiti. Redio ile ilikuwa na tabia zake. Ukibonyeza kitufe ili useme, unakuwa kiziwi. Husikii kitu mpaka uachie. Wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikia ila mlio kama wa nguruwe anayechinjwa. Treni za umeme za mgodi zilipopita, spika ilikoroma. Na majira ya mvua yalipofika, kila radi ya kuanzia hapa hadi mpakani iliingia humo chumbani, na sauti ya rubani ikawa inazama na kuibuka. Bwana alipigana na mambo hayo kwa kupaza sauti. Tata alinyamaza. Alimwacha rubani amalize, akahesabu kidogo moyoni, akajibu maneno machache, akayarudia kwa mpangilio uleule.

Mimi nilichelewa daima. Nilipokuwa bado ninaandika swali, jibu lilikuwa limeshapita, na ilinibidi nimwombe anisimulie tena.

"Ndege inafika Elisabethville," alikuwa akisema, "batu banashuka, banaenda kwabo, banakula, banalala. Weye ungali unaandika namna iliruka hapa."

Aliyasema hayo mbele ya wafagiaji. Niliona haya mpaka masikioni. Lakini jioni, wenzetu wakiwa wameondoka, alikaa nami akanirudishia neno kwa neno mazungumzo ya mchana kutwa, bila kukosea, mpaka ukurasa ukajaa. Bwana alikuja akatia sahihi chini. Hakusoma hata mstari mmoja. Katika miezi yote ile sikumwona akisoma.

Mvua kubwa ilikuja siku ya Alhamisi. Ndege ilikuwa inatoka Elisabethville na Wazungu tisa ndani, na ilipokaribia, wingu lilikuwa limeshakalia mji wote. Bwana alikuwa stoo. Redio ililia kama mahindi kwenye kikaango. Katikati ya kelele hizo tulisikia vipande vya sauti ya rubani: kwamba haoni chini, kwamba anauliza kitu, kisha kelele tupu. Aliita tena. Sauti yake ilikuwa imepanda juu, kama ya mtoto.

Tata aliniambia nishuke nikamwamshe Bwana. Niligonga mlango wa stoo. Nilisikia chupa ikibingirika sakafuni. Bwana alisema nikigonga tena atanivunja vidole, halafu tuone nitaandika na nini. Nilipanda nikamwambia tata. Alivuta kiti mbele.

Nilivyomsikia siku hiyo sijamsikia mtu tena. Kwa sauti ileile ya puani, polepole, alimwambia rubani asiseme neno lolote, kwa sababu maneno yake hayafiki. Abonyeze kitufe tu. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Aliyarudia hayo mara nne, akakohoa, akaachia, akasikiliza.

Katika zile kelele tulisikia mlio mdogo mkavu. Mmoja.

Sauti ya mtu ilizama, lakini ule mlio ulipenya. Tata alianza kumuuliza. Unaona moshi wa kiwanda? Miwili, hapana. Unaona reli? Hapana. Unaona maji ya kijani, shimo kubwa lenye ngazi kando? Kelele, kelele, kisha mlio mmoja. Tata alifumba macho. Shimo lile alilifahamu kwa miguu yake. Alimwambia aliweke shimo mkono wa kushoto, ashuke kidogo, atafute lundo la udongo mwekundu. Upande wake wa pili kuna barabara ya malori, aifuate. Umeona lundo? Ndiyo. Barabara? Hapana. Geuka. Barabara? Hapana. Geuka tena, kushoto, shimo lisikupotee. Barabara? Ndiyo. Fuata hiyo, tanuru za matofali zitakuja, baada ya tanuru ni sisi.

Niliandika. Kwa kila mlio niliweka nukta. Kwa mara ya kwanza sikuachwa nyuma, kwa sababu baina ya swali na nukta kulikuwa na muda. Ndege ilitokea chini ya wingu mahali palepale alipotazama tata, ikagusa ardhi, ikarusha maji pande zote, ikasimama.

Hapo nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Katika safu ya anayesema, niliyokuwa nimeiacha wazi kwa haraka, mbele ya maswali yote ya mvua ile, sikuandika herufi ya Bwana. Niliandika herufi ya tata. Nilijua amri. Nilijua pia kwamba Bwana hasomi. Nilitaka tu iwe imeandikwa. Tata alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, hakuniona.

Ngurumo ya injini ndiyo iliyomwamsha Bwana. Alipanda anafunga vifungo vya shati, akamwondoa tata kitini kwa ishara ya kidole, akaketi. Tata alikwenda pembeni akashika betri. Muda si muda rubani akaingia, ameloa, akamkumbatia Bwana na kumbusu mashavu yote mawili. Alisema hajawahi kuongozwa namna hiyo, na kwamba atamnunulia kreti nzima ya bia. Bwana alikuwa anachekacheka. Rubani akauliza wazo la vile vibonyezo alilipata wapi.

"Vibonyezo gani?" Bwana aliuliza.

Rubani alidhani ni mzaha, akacheka. Kisha akamtazama vizuri, macho mekundu, alama ya turubai shavuni. Alinyoosha mkono akachukua rejista mezani kwangu. Ningeweza kuikalia. Ningeweza kumwaga wino. Nilikaa vilevile. Alishusha kidole kwenye safu, akafika kwenye mvua, akauliza herufi hii ni ya nani.

Bwana alikohoa. Rubani akageuka pembeni.

"Weye. Sema kitu."

"Ndiyo, Bwana," tata alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Rubani hakuwa amemgusa, lakini alijipangusa mikono kwenye suruali. Hakumwambia tata neno. Alimwambia Bwana, polepole, kama mtu anayeanza kuugua.

"Watu tisa. Watu tisa nimewaweka katika kinywa cha makaku, cha nyani."

Kuhusu stoo, bia na usingizi hakuuliza. Nimefikiri sana kwa nini hakuuliza.

Asubuhi ya kesho yake tuliitwa chini, ofisini. Nyuma ya meza alikuwa yule mkuu wa wafanyakazi, mwenye miwani, aliyejifuta machozi ya kicheko Jumapili ile ya mchezo. Bwana aliketi kando yake. Tata alisimama. Mimi nilipewa kiti, kalamu na karatasi, na hapo nikajua ni kwa ajili ya nini, maana Mweusi hapewi kiti bure.

Mkuu alieleza kwamba rubani ameleta malalamiko na kompani inataka maandishi ya shahidi. Bwana alikuwa ameshasema yake: mchana ule alikuwa mwisho wa uwanja anakagua mifereji, na mtu wa betri akapanda kitini kwa kiburi chake akashika mikro.

Tata alisema mara moja tu. "Bwana mwenyewe aliniambia niseme. Na weye ulikuwa hapa siku ya Mungu, ulisikia."

Yule wa miwani hakukasirika. Alipanga karatasi zake, akasema yeye hakumbuki Jumapili yoyote. Akauliza kama kuna mtu mwingine anayekumbuka. Kisha wote watatu wakanitazama mimi.

Nilitazama ncha ya kalamu. Ilikuwa na unywele umenasa, nikautoa. Watu husema walinyamaza kwa sababu ya watoto wao, au ya nyumba. Mimi nilikuwa ninalala kwa mjomba huko Dilala, kwenye mkeka. Sikuwa hata na nyumba ya kupoteza. Niliogopa tu kusikia sauti yangu ndani ya chumba kile.

Mkuu alingoja kidogo, kisha akaanza kunisomea maneno ya kuandika. Mimi, karani wa rejista, nimeona kwa macho yangu. Bila amri. Bila ruhusa. Akakalia kiti. Akachukua mikro kwa nguvu. Niliandika kama ninavyoandika, herufi moja baada ya nyingine, kila moja na mkia wake. Nilipofika nusu ya ukurasa Bwana alitoka kuvuta sigara, akarudi. Mvua ilianza tena juu ya mabati. Kila neno nililomaliza tata aliliona, kwa sababu alisimama juu yangu na alijua kusoma kuliko mimi.

"Andika mbio, mutoto," alisema. "Miguu inaniuma."

Bwana alicheka. Mimi sikuweza kwenda mbio. Nilijaribu, nikadondosha wino, na mkuu akasema karatasi imeharibika, nianze upya. Nilianza upya. Tata alisimama mpaka nukta ya mwisho.

Alipovuka uani na kibati chake cha chakula, wafagiaji na watu wa gari la kuzimia moto walikuwa wamejipanga ukutani. Ni walewale aliokuwa akiwachekesha. Mmoja alikohoa kile kikohozi. Mwingine akamwita kwa kelele.

"Musungu wa muchana, ndege inakuita. Rudi basi ukajibu."

Tata alipita bila kugeuza kichwa.

Siku ya tatu nilikwenda Kapata. Sijui nilitaka kusema nini. Njia nzima nilijaribu maneno, na hakuna lililokaa. Nyumba ilikuwa wazi. Vitu vilikuwa nje kwenye mvua nyembamba: kitanda kimefunguliwa vipande, masufuria, cherehani, masanduku mawili ya bati. Watoto walikaa juu ya magodoro yaliyofunikwa turubai. Lori la kuwapeleka stesheni lilikuwa linangoja mwisho wa mstari wa nyumba, na fundi wa rangi alishakuwa ndani anapaka chokaa kwa ajili ya watakaokuja.

Mke wake alitoka jikoni ameshika kiuno, tumbo limeshuka tayari. Aliponiona alifurahi. Alimwambia mumewe kwamba Mungu amemleta karani. Alisema kompani imepunguza batu, na ni bahati mbaya imewaangukia wao, lakini kwao Kasai kuna mashamba. Hapo nikaelewa kwamba mumewe hakuwa amemwambia. Tata alikuwa anafunga kamba kwenye cherehani. Hakuinua macho.

"Tata yabo anasema weye ndiye uko na mukono muzuri," mama alisema. "Tuandikie ku masanduku, bitu bisipotee mu treni."

Alinipa kopo la rangi nyeupe alilomwomba fundi wa rangi, na kijiti. Niliinama nikaandika Mwene-Ditu, stesheni yao ya kushukia, kwenye sanduku la kwanza, kisha Mwene-Ditu kwenye la pili. Dereva wa lori alipiga honi. Mama alisema aache, mtoto anaandika. Alisimama akitazama herufi zinavyotoka, akasema kweli mukono ni muzuri, akawaita watoto waje waone.

Nilipomaliza alinikalisha kwenye kigogo mbele ya jiko na kuniletea sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na kipande cha samaki kikubwa kuliko walichopewa watoto. Nilisema nimeshiba. Nilisema dereva anangoja. Hapo ndipo tata aliacha kamba, akaja akasimama mbele yangu, kama alivyosimama ofisini.

"Kula," alisema. "Mama amepika mara ya mwisho mu hii nyumba. Usiache kitu."

Nilikula. Nilimega matonge madogo na kuyasukuma kwa maji. Nilikula samaki mpaka miiba. Honi ililia tena, watoto walipandishwa, mama akasukumwa juu ya lori na watu wawili, akinipungia mkono na kunishukuru. Tata hakuondoa macho kwangu. Niliposafisha sahani kwa kidole, aliichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa majani, akaitia ndani ya sanduku nililoandika, akafunga kufuli.